Vitamini D: Jua la Pwani na kinga ya kwanza ya mwili

JUA la Malindi halina simile. Mji huo uko takriban nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita wima juu ya utosi hata mtu akakosa kivuli cha kukanyaga. Wavuvi wa Mambrui, wakulima wa Ganze na wachuuzi wa Mtwapa wote huishi chini ya miale ambayo mataifa ya kaskazini huiona kwa miezi michache tu kila mwaka.

Ndiyo maana wengi hushangaa wanaposikia kwamba vitamini D, ambayo mwili huitengeneza wenyewe kwa msaada wa jua, huenda ikampungukia mtu aliyezaliwa na kulelewa Pwani. Mshangao huo una msingi, lakini si wote.

Kwa muda mrefu vitamini hii ilijulikana kwa kazi moja tu: kuuwezesha mwili kufyonza madini ya kalsiamu kutoka kwa chakula na kuimarisha mifupa. Mtoto aliyeikosa alipata matege. Katika miongo ya hivi karibuni, hata hivyo, imebainika kwamba ina jukumu jingine katika ulinzi wa mwili dhidi ya viini vya maradhi. Habari hizo zilipovuma, hasa baada ya janga la Covid-19 kuzuka mwaka wa 2020, vidonge vya vitamini D vilinunuliwa kwa pupa katika nchi nyingi, kana kwamba ni chanjo.

Yapo maswali mawili ambayo ni vyema yasichanganywe. La kwanza ni iwapo vitamini D huusaidia mwili kuua viini. La pili ni iwapo mtu anayemeza vidonge vya vitamini hiyo ataugua mara chache zaidi. La kwanza limejibiwa katika maabara, na jibu ni ndiyo. La pili limejibiwa wodini na vijijini, na jibu lake ni tofauti kabisa.

Vipimo kutoka Kilifi

Baadhi ya majibu yametoka papa hapa Pwani. Mpango wa utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust la Uingereza ulianzishwa mwaka wa 1989 katika uwanja wa hospitali ya Kilifi, ambayo enzi hizo ilikuwa ya wilaya na sasa ni ya kaunti. Tangu 2000, wakazi wa eneo la karibu kilomita mraba 891 kuizunguka hospitali hiyo wamekuwa wakihesabiwa nyumba kwa nyumba, na vizazi, vifo na uhamaji wao kunakiliwa. Ni nadra barani Afrika kupata mahali ambapo damu ya mtoto, maradhi yake na boma alikotoka vinaweza kuunganishwa kwa namna hiyo.

Mnamo 2020, Reagan Mogire, Sarah Atkinson na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet Global Health uchambuzi wa tafiti 129 zilizohusisha zaidi ya watu 21,000 katika mataifa 23 ya Afrika. Vitamini D hupimwa katika damu kwa nanomoli kwa lita, kipimo cha kiasi kidogo mno. Wataalamu wengi huchukulia kwamba aliye chini ya 30 ana upungufu mkubwa, na aliye chini ya 50 hana ya kutosha. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba takriban asilimia 34 ya waliopimwa walikuwa chini ya 50, na asilimia 18 chini ya 30. Viwango vya chini zaidi vilionekana Afrika Kaskazini na Afrika Kusini, miongoni mwa wakazi wa mijini, wanawake na watoto wachanga.

Mwaka uliofuata, watafiti hao walichapisha vipimo vya watoto wadogo 4,509 kutoka mataifa matano, wakiwamo wa Kilifi. Safari hii picha ilikuwa nyingine kabisa. Waliokuwa chini ya 50 walikuwa asilimia 7.8 pekee, na chini ya 30 hawakufika hata mmoja katika mia. Umri wa mtoto, majira ya mwaka na tofauti za jeni za protini inayobeba vitamini hiyo katika damu vilichangia kupandisha au kushusha kiwango.

Tofauti baina ya takwimu hizi mbili haina mgongano. Mtoto wa kijijini anayecheza uwanjani kuanzia kukicha hulipwa na jua bila kudai. Mwanamke anayefanya kazi ndani ya ofisi au kiwandani na kutoka nje jua limeshapoa, na mchanga ambaye hajatolewa nje, hawalipwi. Latitudo ni moja, jua ni moja, lakini ngozi zinazolifikia si sawa.

Upo ushahidi mwingine wa jirani kuhusu kiwango ambacho mwili wa binadamu hujiwekea pale unapoachwa kuishi nje. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wenye ngozi nyeusi ambao huishi juani mwaka mzima. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kwa hivyo weusi wa ngozi, ambao hupunguza kasi ya utengenezaji wa vitamini D kwa kuzuia sehemu ya miale, si kikwazo kwa anayeishi nje katika nchi za jua kali. Huwa kikwazo anapolikosa jua lenyewe.

Kutoka ngozini hadi figoni

Kabla ya kueleza vita, heri kueleza safari. Chini ya ngozi kuna aina ya mafuta ambayo ni jamaa ya kolesteroli. Miale ya jua ya aina ya urujuanimno B inapoyapiga, hugeuka na kuwa vitamini D. Hiyo huingia katika damu na kupelekwa kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa umbo la akiba. Umbo hili ndilo linalopimwa hospitalini, kwa sababu hudumu katika damu kwa wiki kadhaa. Halafu figo hulibadilisha tena kuwa umbo tendaji, ambalo ni homoni kamili. Ndiyo kusema jina vitamini limebaki kwa mazoea tu, kwa kuwa mwili wenyewe hujitengenezea kitu hiki.

Mwingereza Edward Mellanby alionyesha mwaka wa 1919 kwamba mbwa waliofugwa ndani na kunyimwa mafuta fulani walipata matege, na kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya kodi yaliwaponya. Mmarekani Elmer McCollum ndiye aliyeipa vitamini hiyo herufi ya D mnamo 1922, kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimeshatwaliwa.

Hata hivyo, jua lilikuwa limeanza kutumiwa kama dawa ya maambukizi kabla ya hapo. Daktari Niels Finsen wa Denmark alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale ya mwanga. Wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu nao walilazwa kwenye vibaraza vya hospitali za milimani huko Ulaya ili waote jua. Hakuna aliyejua wakati huo jinsi jua lingeweza kumdhuru bakteria aliyejificha kifuani. Maelezo mojawapo yalipatikana baada ya karne nzima.

Silaha ndani ya chembe

Kinga ya mwili ina matabaka mawili. La pili kufika, lakini maarufu zaidi, ni lile linalojifunza. Humchunguza adui, likatengeneza zindiko mahususi dhidi yake na kumkumbuka kwa miaka. Chanjo hutegemea tabaka hilo. Ila mafunzo hayo huchukua siku kadhaa, na kiini cha nimonia hakimsubiri mtu ajifunze.

Tabaka la kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Hiyo ni kama bawabu wa nyumba kongwe ya Mji wa Kale. Hana haja ya kujua jina wala ukoo wa mgeni. Akiona tu kwamba havai wanavyovaa watu wa nyumbani, humkabili pale pale mlangoni. Miongoni mwa mabawabu hao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza viini na kuvisaga.

Tatizo la bakteria wa kifua kikuu ni kwamba humezwa lakini hasagiki. Huishi ndani ya tumbo la makrofaji kama panya aliyejenga ghalani. Hapo ndipo vitamini D inapoingia.

Mnamo 2006, kikundi cha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kikiongozwa na Robert Modlin, kilichapisha katika jarida la Science maelezo ya mfululizo mzima wa matukio. Juu ya makrofaji kuna vipokezi vinavyotambua ganda la bakteria. Vikishalitambua, chembe hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huongeza kimeng'enya kinachogeuza vitamini D ya akiba kuwa umbo tendaji, kazi iliyodhaniwa awali kuwa ya figo tu. Aidha, huongeza kipokezi cha vitamini hiyo ndani yake. Umbo tendaji hukishika kipokezi, vikaenda pamoja hadi kwenye jeni, na jeni hiyo huamrisha utengenezaji wa protini fupi iitwayo kathelisidini. Kathelisidini hutoboa utando wa bakteria, naye hufa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba makrofaji haiwezi kutengeneza silaha hiyo kutoka hewani. Hutegemea umbo la akiba lililo katika damu inayoizunguka. Watafiti hao walipoziweka chembe katika majimaji ya damu ya Wamarekani weusi, ambao viwango vyao vya vitamini D vilikuwa vya chini, kathelisidini ilitengenezwa kidogo. Walipoongeza vitamini hiyo katika majimaji yale yale, uzalishaji ulipanda. Kasoro haikuwa katika chembe za watu hao bali katika ghala la silaha.

Mbali na kathelisidini, vitamini D husaidia kutengeneza protini nyingine za kuua viini ziitwazo difensini, na huichochea chembe kuyasaga yaliyo ndani yake pamoja na bakteria waliojificha humo. Wakati huohuo hulituliza tabaka la pili la kinga ili joto na uvimbe visipite kiasi na kuuharibu mwili wenyewe. Ni kiongozi wa vita mwenye kuwapa askari wake panga kwa mkono mmoja na kuwazuia kwa mkono wa pili wasiichome nyumba.

Inafaa kutaja jambo moja ambalo limewatatiza wanasayansi. Sehemu ya jeni inayoruhusu vitamini D kuamrisha utengenezaji wa kathelisidini imo kwa binadamu na jamaa zake kama vile sokwe, nyani na tumbili. Kwa panya haimo. Kwa maneno mengine, katika jambo hili nyani wa msitu wa Arabuko-Sokoke anafanana na mwanadamu kuliko maelfu ya panya wa maabara ambao matokeo yao hutangazwa kila uchao. Msomaji akikutana na habari kwamba vitamini D imewakinga panya dhidi ya maambukizi fulani, ana haki ya kuuliza ni kwa njia gani.

Malaria, madini ya chuma na kufuli la ini

Kwa mtoto wa Kilifi, hadithi ina sura nyingine ambayo haisimuliwi sana Ulaya, kwa kuwa inahusu malaria.

Takriban kila kiini cha maradhi huhitaji madini ya chuma ili kizaane, kikiwamo kimelea cha malaria. Mwili unalijua hilo. Maambukizi yanapoingia, ini humwaga homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga milango ya chuma. Chuma kilicho ndani ya chembe hubaki humo, na kile cha chakula hakivuki utumbo. Adui hutiwa njaa. Hii nayo ni kinga ya kuzaliwa nayo, ingawa haina upanga wala sumu. Silaha yake ni kufuli.

Gharama ya kufuli hilo hulipwa na mtoto. Akiugua malaria mara kwa mara, milango hufungwa mara kwa mara, na chuma cha kutengenezea damu humpungukia hata akila vizuri. Mwaka wa 2021, John Muriuki, Atkinson na wenzao wa Kilifi walithibitisha uhusiano huo kwa njia ya werevu. Walitumia watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ambayo huwapa kinga dhidi ya malaria bila kuwafanya wagonjwa. Katika maeneo yenye malaria, watoto hao hawakuwa na upungufu mwingi wa chuma kama wenzao. Kwa kuwa mtu hachagui jeni zake, hilo lilikuwa ushahidi kwamba malaria yenyewe ni chanzo cha upungufu wa chuma.

Vitamini D inahusikaje? Utafiti wa maabara uliochapishwa mnamo 2014 ulionyesha kwamba hupunguza utengenezaji wa hepsidini. Nao watafiti wa Kilifi, katika kazi iliyotoka mwaka wa 2022 juu ya watoto wa mataifa yale yale matano, walipata kwamba wenye vitamini D ya chini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupungukiwa na chuma. Vitamini inayoipa makrofaji silaha ndiyo hiyo hiyo inayolegeza kufuli la chuma. Anayedai kwamba ikizidishwa kinga huzidi basi anazungumzia nusu ya kazi yake.

Mwambao huu una kumbukumbu ya uchungu kuhusu virutubisho vinavyogawiwa kwa nia njema. Huko Pemba, Zanzibar, maelfu ya watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2006. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwani waliopewa walilazwa hospitalini au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Kisiwa hicho kilikuwa na malaria kali wakati huo. Tangu hapo, hakuna mtaalamu makini anayependekeza kirutubisho kwa watoto wa eneo la malaria bila kwanza kuuliza viini vitafanya nini nacho.

Kilichotokea vidonge vilipojaribiwa

Dalili kwamba upungufu wa vitamini D huandamana na maradhi ya mapafu zilikuwa nzito. Mjini Addis Ababa, utafiti wa Lulu Muhe na wenzake uliochapishwa mnamo 1997 uliwalinganisha watoto 500 waliolazwa kwa nimonia na watoto 500 wasiokuwa nayo. Wenye matege miongoni mwa wagonjwa walikuwa 210. Miongoni mwa wenzao walikuwa 20 tu.

Ila matege hudhoofisha mbavu na misuli ya kifua, na mtoto mwenye matege aghalabu ana utapiamlo pia. Kipi kilichomleta hospitalini? Kuna tatizo jingine pia. Mtu akiugua, kiwango cha vitamini D katika damu yake hushuka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Anayempima mgonjwa wodini na kumkuta na kiwango cha chini anaweza kudhani amepata chanzo, kumbe ameona matokeo.

Njia ya kuumaliza ubishi ni kuwagawa watu kwa kura, wengine wakapewa vitamini na wengine kidonge kisicho na kitu. Mjini Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 walipewa dozi kubwa kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja na nusu. Matokeo ya 2012 yalionyesha kwamba nimonia haikupungua. Nchini Mongolia, ambako majira ya baridi ni marefu na upungufu ni wa kupindukia, watoto 8,851 wa shule walipewa vitamini D au kidonge kitupu kila wiki kwa miaka mitatu. Damu yao ilijaa vitamini, lakini walioambukizwa kifua kikuu hawakupungua. Hayo yalichapishwa mwaka wa 2020.

Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya Dar es Salaam. Watu wazima 4,000 wenye virusi vya Ukimwi, wote wakiwa na vitamini D isiyotosha kwa kipimo cha watafiti hao, waligawanywa walipoanza dawa za kupunguza makali. Waliopewa vitamini D hawakunusurika zaidi na kifo wala na kifua kikuu.

Palikuwa na matumaini kwa maradhi mepesi ya njia ya hewa, kama vile mafua. Uchambuzi wa mwaka wa 2017 uliounganisha majaribio 25 yenye watu wapatao 11,000 ulionyesha kwamba vitamini D ilipunguza maambukizi kidogo, na zaidi kwa wale waliokuwa na upungufu mkubwa na kuimeza kila siku au kila wiki badala ya dozi moja kubwa. Majaribio mapya yalipoongezwa mnamo 2021 faida hiyo ilipungua. Yalipoongezwa mengine mwaka wa 2025, ilikuwa ndogo kiasi cha kutotofautishwa na bahati nasibu.

Mantiki ya haya haipingani na maabara. Silaha ikishajaa ghalani, kuleta mikokoteni zaidi hakuongezi askari. Mtoto wa Kilifi ambaye damu yake ina nanomoli 75 tayari anazo za kutosha kuilisha makrofaji. Wenye haja ni wale wachache walio chini kabisa, na majaribio mengi yamewajaza washiriki wasiokuwa na haja.

Kwa kulinganisha, takwimu za Kilifi kuhusu chanjo hazihitaji kuchambuliwa mara tatu. Chanjo dhidi ya bakteria wa nyumokokasi ilipoingizwa nchini Kenya mnamo Januari 2011, maambukizi makali ya aina zilizolengwa yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano katika eneo hilo la utafiti.

Nani hasa aangaliwe

Wanaostahili kuangaliwa Pwani ni watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, wenye utapiamlo, wagonjwa wa muda mrefu wanaoshinda ndani, wazee wasiotoka, na wanawake ambao jua haliwafikii kwa sababu ya kazi za ndani au mavazi ya kufunika mwili. Mama mwenye upungufu humzaa mtoto mwenye upungufu, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake usio na mfano, yana vitamini D kidogo sana. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mnamo 2018 ulipata watoto wenye matege yaliyosababishwa na upungufu huo katika mtaa wa mabanda, ambako nyumba zimebanana na uwanja wa kuchezea ni haba. Tena Nairobi iko karibu na Ikweta kuliko Malindi.

Kina mama wengi huambiwa wamtoe mtoto nje kwenye jua la asubuhi. Ushauri huo una hekima ya kumwepusha na joto, lakini miale inayotengeneza vitamini D hufika kwa nguvu jua likiwa juu. Kanuni rahisi ni ya kivuli. Kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko kimo chake, ngozi inatengeneza vya kutosha. Malindi hilo hutokea, kwa kawaida, kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Dakika chache mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, hutosha mtoto. Hana haja ya kuungua. Jua linalopitia kioo cha dirisha halifai kitu, kwa sababu kioo huizuia miale hiyo.

Ushauri huo hauwahusu kamwe watu wenye ualbino. Ngozi yao isiyo na rangi hutengeneza vitamini D kwa muda mfupi mno, na jua la Pwani huwaletea saratani ya ngozi. Wao wanahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga.

Chakula husaidia kidogo. Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wanayo, na vilevile kiini cha yai na ini. Ugali, muhogo na tui la nazi havina. Vidonge vya matone ambavyo watoto hupewa kliniki kila baada ya miezi sita tangu watimize nusu mwaka ni vya vitamini A, na mzazi asidhani kwamba mwanawe amepata D. Kwa wachanga, mapendekezo ya kimataifa ya 2016 ya kuzuia matege ni yuniti 400 kwa siku katika mwaka wa kwanza. Mzazi wa mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye utapiamlo anafaa kuliuliza hilo kliniki kabla ya kwenda dukani.

Jua haliwezi kumpa mtu vitamini D kupita kiasi, kwani mwale uleule unaoitengeneza huivunja ikizidi. Chupa ya dukani haina breki hiyo. Anayezidisha dozi kwa miezi hupandisha kalsiamu katika damu, akapata kiu isiyoisha, kichefuchefu, kufunga choo na hatimaye madhara ya figo.

Kwa jamaa wa Pwani walioko ng'ambo hesabu hubadilika. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua huwa chini mno kutengeneza vitamini hiyo hata mtu akishinda nje kutwa nzima. Idara ya afya ya huko hushauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika mwili wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.